Mmea Uliomfunga Asaa

Nashona kofia. Siku nzima nashona kofia,
vitobo vidogo kama macho ya dagaa,
na kila kitobo nakizungushia uzi
mpaka sindano inapoamua kusimama peke yake hewani
nami nanusa karafuu zinaungua,
na wala si msimu.

Hapo hujua. Huwahi kuita "Riziki",
na jina la mwanangu hukatikia katikati.
Nikizinduka, ulimi una chumvi ya damu,
na kwenye kitambaa cheupe pana tone
ambalo mteja wa Unguja hatalilipia.

Nina miaka arubaini na mitatu.
Walisema kitanitoka nikivunja ungo.
Kisha: nikiolewa. Kisha: nikizaa.
Niliolewa, nikazaa, nikaachwa,
chenyewe hakikuniacha.
Mkono wangu wa kushoto ni ganda la ndizi lililochomwa:
ndiyo siku niliyoliangukia jiko,
na majirani wakasimama mlangoni
wakiogopa povu langu kuliko moto.

Nimepungwa. Nimefukizwa. Nimenyweshwa kombe
la zafarani, nikalinywa kwa imani,
na vidonge vya hospitali nikavimeza kwa imani ile ile,
siku vilipokuwepo.
Vinanifanya mzito kama gunia lililolowa,
lakini naanguka mara nne kwa mwezi, si tisa.
Naandika. Nyuma ya daftari la hesabu la Riziki
kila anguko nalikatia mstari.

Jumatatu, Chake, Daktari Salhina
aliihesabu mistari kwa ncha ya kalamu,
akanyamaza, akafunga mlango.
"Mize, nitakwambia kitu, lakini sina cha kukupa.
Kuna nchi wanakamua mafuta,
wanatoa kileweshacho, wanabakisha kitulizacho,
mgonjwa anapewa kwa cheti na kipimo.
Hayamfai kila mtu. Wengine ini huwasumbua.
Wengine nusu ya maanguko huondoka."
Nikauliza, mafuta ya nini?
Akaliangalia pazia kama lina masikio.
"Ya bangi," akasema,
kwa sauti ya mtu anayetamka tusi mbele ya mamake.

Nilicheka. Nilicheka hadi akadhani kinanijia.

Angejuaje, maskini, habari za Asaa?
Ndugu yangu wa ziwa moja:
kete tatu mfukoni mwa suruali,
pingu, gari la polisi, miaka mitano.
Mama akaapa mmea ule hautatajwa nyumba hii.
Kofia ya Iddi niliyokuwa nikimshonea
imo sandukuni, upande mmoja hauna viua.

Sasa sijui niuweke wapi mmea huu.
Siwezi kuutukana kama zamani,
wala siwezi kuusifu.
Asaa haukumtibu kitu,
ulimlaza mchana, ukamchekesha na ukuta.
Asije mtu akanifukizia moshi chumbani akaita dawa;
daktari kanionya: moshi si mafuta,
na kete ya uchochoroni haina kipimo.

Lakini usiku napiga hesabu.
Nne, nusu yake mbili.
Mbili! Kwa mbili ningepika mwenyewe.
Ningevuka barabara ya Wete bila mkono wa mtoto.
Mjukuu, akija, ningempakata
bila mtu kukaa karibu, mikono tayari.

Sheria sishindani nayo.
Ila anayeishikia kalamu
aje siku moja akae kwenye mkeka huu,
ahesabu nami vitobo,
mia tatu na kumi, mia tatu na kumi na moja,
na sindano itakaposimama hewani
asiogope povu.
Anilaze ubavu. Aondoe mkasi.
Anisubiri.

Ijumaa nakwenda kumtazama Asaa gerezani.
Nitampelekea mkate wa ufuta.
Nimwambie? Sijui.
Huenda nikamwambia tu
kwamba kofia yake leo nimeitoa sandukuni.